Likasi: kobalti ina karani, bakteria wa udongo wake hawana

Katika juma moja la mwezi wa pili mwaka 2025, maamuzi mawili yaliyochukuliwa mbali na Likasi yaligusa udongo wa mji huo. Kuanzia tarehe 22, serikali ya Kinshasa ilisimamisha kwa miezi minne usafirishaji wa kobalti kwenda nje, ili kuinua bei iliyokuwa imeanguka. Siku tatu baadaye, mjini Roma, ulizinduliwa Mfuko wa Cali, ambao unazitaka kampuni kubwa za dawa, vipodozi, mbegu na bioteknolojia zitoe sehemu ya mapato yao kwa sababu zinatumia habari za vinasaba vya mimea, wanyama na vijidudu.

Uamuzi wa kwanza ulijadiliwa katika kila redio ya Haut-Katanga. Wa pili ulipita kimya. Ni rahisi kuelewa kwa nini: kobalti inaonekana, inapimwa kwa mizani, inapakiwa kwenye malori yanayoelekea Kasumbalesa. Vijidudu havionekani. Hata hivyo, udongo wa Likasi una vyote viwili, na vyote viwili vimekwisha kuvuka mpaka. Tofauti ni kwamba kobalti ina karani wa kuihesabu, na bakteria hawana.

Swali hili si la maabara peke yake. Linahusu jinsi dawa zinavyotengenezwa leo, nani anafaidika na elimu inayotoka katika udongo wa Katanga, na kama mji uliozoea kuuza vitu vibichi utarudia kosa lile lile kwa mali ambayo haujaijua bado.

Molekuli zina mikono

Ili kuelewa thamani ya bakteria katika viwanda vya dawa, ni lazima kwanza kuelewa jambo moja la kemia. Molekuli nyingi za uhai zina mikono. Ukiweka viganja vyako viwili pamoja, vinalingana kidole kwa kidole. Lakini glavu ya mkono wa kulia haikai kwenye mkono wa kushoto, na kila mchimbaji anajua kwamba buti la kushoto halifai mguu wa kulia. Molekuli nazo zinaweza kuwa na atomu zile zile, zimeungana kwa mpangilio ule ule, lakini moja ikawa kama picha ya mwenzake katika kioo. Wanakemia wanaziita molekuli kairali.

Mwili wa mtu umejengwa kwa vipande vya mkono mmoja. Kwa hiyo dawa inayoingia mwilini ni kama mkono unaotafuta glavu yake: mkono mmoja unaingia, mwingine unaweza kukosa nafasi, au kuingia mahali pasipotakiwa.

Mfano ulio karibu na watu wa migodi ni dawa za kifua kikuu. Etambutoli, ambayo wagonjwa wengi huimeza pamoja na dawa nyingine katika kidonge kimoja, ina umbo moja lenye nguvu dhidi ya ugonjwa mamia ya mara kuliko umbo lake la kioo. Lakini maumbo yote mawili yanaweza kudhuru macho. Ndiyo sababu dawa inatengenezwa kwa umbo moja tu: lile lingine lingeongeza hatari bila kuongeza msaada. Levofloksasini, inayotumika kwa kifua kikuu sugu, ni mkono wa kushoto wa dawa ya zamani iitwayo ofloksasini, nao ndio unaofanya karibu kazi yote.

Ugumu ni huu: kemia ya kawaida ya kiwandani haina mikono. Ukichanganya kemikali katika tangi, mara nyingi unapata nusu ya kulia na nusu ya kushoto. Kuzitenganisha ni gharama, na ile nusu isiyotakiwa inaweza kwenda kutupwa.

Mimea na vijidudu havina shida hiyo. Wakaaji wa Bukavu wana mfano mlangoni pao: mti wa kinkina, ambao magome yake yamelisha kiwanda cha Pharmakina kwa miaka mingi, unatoa kwinini yenye umbo moja tu. Mwaka 1853, Mfaransa Louis Pasteur alitumia kemikali zilizotokana na dawa za mti wa aina hiyo kutenganisha mikono miwili ya asidi inayopatikana katika zabibu. Miaka michache baadaye aliona jambo la ajabu zaidi: ukungu uliokua katika asidi hiyo ulikula mkono mmoja na kuuacha wa pili. Hapo ndipo wanasayansi walipoanza kujua kwamba kijidudu kinaweza kuchagua kile ambacho tangi la mwanakemia haliwezi kuchagua.

Amoksisilini inapitia mikononi mwa bakteria

Leo uchaguzi huo umekuwa kazi ya viwanda vikubwa. Dawa moja inatosha kuonyesha, na karibu kila mama wa Likasi ameinunua: amoksisilini, ya vidonge au ya maji, kwa mtoto mwenye kikohozi kikali au sikio linalouma.

Dawa hii inaanza na penisilini inayotolewa na ukungu. Kimeng'enya cha bakteria kinakata mkia wa penisilini na kubakiza kiini. Vimeng'enya ni mashine ndogo ndani ya chembe hai, na kila kimoja kina kazi yake. Kisha kiini hicho kinahitaji mkia mpya, na mkia huo ni lazima uwe wa mkono mmoja. Hapo wanaitwa bakteria wengine. Wanapewa kemikali iliyochanganyika mikono yote miwili. Vimeng'enya vyao vinashika mkono unaotakiwa na kuugeuza kuwa kipande cha dawa. Mkono uliobaki unajigeuza wenyewe polepole ndani ya tangi, nao unashikwa pia. Hakuna nusu ya kutupwa.

Kampuni ya Kaneka ya Japani ni kati ya zilizotangulia kutumia njia hii kwa kiwango kikubwa, na leo vipande hivyo vinatengenezwa kwa maelfu ya tani kila mwaka, zaidi katika nchi za Asia. Havihitaji joto kali wala shinikizo kubwa. Vinahitaji maji, chakula cha bakteria, usafi, umeme usiokatika ovyo, na mtu anayejua bakteria gani wa kutumia.

Neno hilo la mwisho ndilo kiini cha habari hii. Matangi yanaweza kununuliwa. Umeme unaweza kutengenezwa. Lakini bakteria mwenye kimeng'enya kinachofaa ni lazima kwanza apatikane mahali fulani, na mara nyingi anapatikana katika udongo. Watafiti wanapenda sana udongo mgumu: wenye chumvi, wenye joto, wenye asidi, au wenye sumu ya metali. Kiumbe kinachoishi mahali ambapo wengine wanakufa huwa na vimeng'enya vinavyostahimili kazi ngumu ya kiwandani.

Likasi ni mahali kama hapo.

Jina lake linamaanisha mwenye hamu ya shaba

Tangu enzi za Wabelgiji, wakati mji ukiitwa Jadotville, viwanda vya Shituru vimeyeyusha madini kwa asidi ili kupata shaba na kobalti. Mabaki, mavumbi na maji machafu ya kazi hiyo yameingia katika ardhi na mito kwa vizazi kadhaa. Kwa mtu ni sumu. Kwa bakteria wachache ni shule.

Kati ya bakteria hao kuna ukoo uitwao Cupriavidus, jina la Kilatini lenye maana ya mwenye hamu ya shaba. Anayejulikana zaidi kwa kustahimili metali ni Cupriavidus metallidurans. Mfano wake maarufu, CH34, ulitolewa mwaka 1976 katika bwawa la maji machafu la kiwanda cha zinki huko Ubelgiji. Ndani yake kuna pampu zinazosukuma metali nje ya chembe kabla hazijaua. Moja ya pampu hizo inaitwa czc, kwa herufi za kadimiamu, zinki na kobalti. Bakteria huyo huyo amejulikana pia kwa kugeuza dhahabu iliyoyeyuka kuwa chembe ngumu, na ndugu zake wamepatikana hata katika maji ya kituo cha anga za juu.

Mwaka 1990, watafiti wa Ubelgiji Ludo Diels na Max Mergeay walichapisha kazi iliyotumia vipande vya vinasaba vya CH34 kutafuta ndugu zake katika udongo wenye metali. Sampuli zao zilitoka kwenye viwanda vya Ubelgiji na maeneo ya migodi ya Zaire, kama nchi ilivyoitwa wakati huo. Likasi ni kati ya majina yanayoonekana katika orodha za bakteria wa ukoo huu. Kwa maneno mengine, zaidi ya miaka 30 iliyopita, viumbe kutoka udongo huu walikwisha kupewa namba na kuwekwa katika maabara za Ulaya.

Je, bakteria hao wanahusiana vipi na molekuli zenye mikono? Kupitia ndugu yao wa karibu, Cupriavidus necator. Huyu akipewa chakula kingi kuliko anachohitaji, anaweka akiba ndani ya chembe yake, kama vile mtu anavyoweka mafuta mwilini. Akiba hiyo ni aina ya plastiki ya asili, mnyororo mrefu ambao kila pingili yake ina mkono ule ule mmoja. Ukiukata mnyororo, unapata mzigo wa vipande vya kairali vilivyo safi.

Katika miaka ya 1980, kampuni ya ICI ya Uingereza ilitengeneza plastiki hiyo kwa bakteria huyo na kuiuza kwa jina Biopol. Baadaye vipande vyake vilitumika kama mwanzo wa njia moja ya kutengeneza dorzolamidi, dawa ya matone inayoshusha shinikizo la jicho kwa wagonjwa wa glokoma. Cupriavidus metallidurans naye anaweka akiba ya aina hiyo.

Hapa inafaa kuweka mpaka wazi. Hii haimaanishi kwamba bakteria wa Likasi wameibiwa na kutajirisha kiwanda cha dawa. Bakteria wa Biopol hakutoka Katanga. Ndugu si mtu yule yule. Kinachoweza kusemwa ni kwamba udongo wa Likasi una viumbe wa ukoo ambao tayari umethibitisha thamani yake kiwandani, na kwamba wa Likasi wana kitu cha ziada: wamefundishwa na metali kwa karibu miaka mia moja.

Nani alilipa ada ya shule hiyo?

Metali zilizowafundisha bakteria ziliingia pia katika miili ya watu. Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya kupima mikojo ya wakaaji wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda. Kobalti waliyoikuta ilikuwa kati ya viwango vya juu kabisa vilivyowahi kuripotiwa kwa watu wa kawaida, wasiofanya kazi kiwandani. Watoto walikuwa na mzigo mkubwa zaidi.

Jambo hili linabadilisha mjadala. Mtu anaweza kusema kwamba bakteria ni wa Mungu, hawana uraia, na kwamba mwenye akili ya kuwatumia ndiye mwenye haki. Lakini mazingira yaliyowazaa bakteria wa aina hii si msitu wa asili. Ni mabaki ya kazi ambayo wakaaji wa komini za Shituru, Panda, Kikula na Likasi yenyewe wameishi nayo, wameyanywa na kuyapumua. Kama kuna faida siku moja, wao wana hoja ya kudai sehemu.

Kwa madini, hoja hiyo imekwisha kuandikwa katika sheria. Kanuni ya Madini ya mwaka 2018 inagawa ushuru wa migodi hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji au eneo lenye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Mtu anaweza kulalamika kwamba fedha zinachelewa au hazionekani, lakini ana kifungu cha kushika mkononi. Na kwa kobalti, tangu tarehe 16 mwezi wa kumi mwaka 2025, mamlaka ya ARECOMS imeweka mgao wa tani: 18,125 kwa miezi iliyobaki ya mwaka huo, na 96,600 kwa kila mwaka wa 2026 na 2027. Kila tani ina mwenyewe.

Kwa bakteria hakuna mizani ya namna hiyo. Kiganja kimoja cha udongo kinatosha. Kinaingia katika mfuko wa plastiki, na mfuko katika sanduku la msafiri. Siku hizi hata udongo hauhitaji kusafiri: mashine inasoma vinasaba, herufi zinapandishwa kwenye intaneti, na maabara iliyo Asia au Ulaya inaweza kutengeneza kimeng'enya kile kile bila kuona Likasi.

Mifano mitatu kutoka karibu

Historia ya nchi inatoa maonyo, na eneo hili linatoa pia matumaini.

Onyo la kwanza liko karibu na mji wenyewe. Mgodi wa Shinkolobwe, magharibi mwa Likasi, ulikuwa na urani tajiri kuliko karibu popote duniani. Mwaka 1940, Edgar Sengier, mkuu wa Union Minière, alituma zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo New York, na jeshi la Marekani likayanunua mwaka 1942 kwa ajili ya bomu la atomu. Waliochimba hawakuambiwa thamani ya kile walichokipakia. Mali ilijulikana ilipokuwa tayari ng'ambo.

Onyo la pili linatoka Yambuku. Mwaka 1976, damu ya mgonjwa ilibebwa katika chupa ya chai hadi Antwerp, na virusi vya Ebola vikatambuliwa huko. Profesa Jean-Jacques Muyembe, daktari Mkongomani aliyekuwa kati ya wa kwanza kufika kwa wagonjwa, alisahaulika kwa miaka mingi katika simulizi la ugunduzi huo. Lakini habari haikuishia hapo. Dawa ya Ebola iitwayo Ebanga, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020, ilitokana na damu ya mtu aliyepona katika mlipuko wa Kikwit wa mwaka 1995, na ilijaribiwa kwa wagonjwa wa Kivu Kaskazini na Ituri wakati wa mlipuko uliowatesa watu wa Beni na Butembo. Mwaka 2019, Muyembe aliweka msimamo kwamba sampuli za damu zinazochukuliwa Kongo zibaki Kongo, wakati maabara mpya ya INRB mjini Kinshasa ikijengwa kwa msaada wa Japani. Msimamo huo uliwezekana kwa sababu kulikuwa na friji, wataalamu na chumba cha kuziweka. Bila hivyo ungekuwa maneno matupu.

Mfano wa tatu ni wa matumaini, nao uko ng'ambo ya mpaka wa Kasindi. Huko Kasese, Uganda, kiwanda cha Kasese Cobalt kilianza mwaka 1999 kutumia bakteria kutoa kobalti katika mabaki ya mgodi wa zamani wa shaba wa Kilembe. Bakteria hao walikula chuma na salfa ya mawe hayo katika matangi makubwa, na kobalti ikayeyuka. Kiwanda kilifanya kazi kwa zaidi ya miaka kumi, hadi mabaki yalipokwisha. Kwa hiyo hakuna ukweli katika wazo kwamba bakteria ni kazi ya Wazungu na Waasia peke yao. Wafanyakazi wa eneo hili la Afrika wamekwisha kuwalisha, kuwapa hewa na kuwalinda wasife, kwa tani nyingi, siku baada ya siku.

Sheria ipo, lakini inamlinda aliyejiandikisha

Kongo haiko uchi kisheria. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Bioanuwai, uliotiwa saini mwaka 1992, unasema kila nchi ina mamlaka juu ya vinasaba vya viumbe vilivyo katika ardhi yake. Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika mwaka 2014 na ambayo Kongo imejiunga nayo, inamlazimu mgeni kuomba ruhusa kabla ya kuchukua sampuli na kukubaliana jinsi faida itakavyogawanywa. Sheria ya nchi ya mwezi wa pili 2014 kuhusu kulinda mazingira ya asili nayo inagusa ruhusa ya kuchukua mali za kibiolojia na vinasaba.

Lakini kuna matundu mawili makubwa.

La kwanza ni wakati. Mikataba hii hairudi nyuma. Bakteria waliochukuliwa kabla yake wamekwisha kutoka, na hakuna mahakama itakayowarudisha. Kupoteza nguvu kuwafuata itakuwa sawa na kumtafuta leo dereva aliyebeba urani ya Shinkolobwe.

La pili ni ushahidi. Kampuni ikitumia kimeng'enya kutoka kwa bakteria anayestahimili kobalti, nani atajua kwamba alitoka Likasi na si Ubelgiji, Ujerumani au Japani, ambako ndugu zake wapo pia? Ni yule tu aliyetangulia kumwandika: mahali alipochukuliwa, tarehe, vinasaba vyake, na chupa yenye namba. Nchi isiyo na daftari inakuja mahakamani mikono mitupu.

Mfuko wa Cali unajaribu kuziba sehemu ya tundu hili. Unazitaka kampuni zinazotumia vinasaba vilivyo kwenye intaneti zitoe asilimia 1 ya faida au 0.1 ya mapato, bila kuuliza kila herufi ilitoka wapi, na angalau nusu ya fedha iende kwa jamii za asili na za wenyeji. Ni wazo zuri, lakini kulipa ni kwa hiari, na fedha hazitamfikia mtu asiyejulikana kuwa yupo. Mji usio na mradi hata mmoja wa vijidudu utabaki nje ya foleni.

Kinachowezekana, na kisichowezekana

Inafaa kusema ukweli kwa wale watakaoota kiwanda cha amoksisilini kando ya Shituru. Kiwanda hicho hakiko karibu. Vipande vya dawa vinauzwa kwa bei ndogo na nchi zenye viwanda vikubwa mno, na tangi la bakteria likikosa umeme kwa saa chache linaweza kuharibika lote. Anayejua ratiba ya umeme wa SNEL hahitaji maelezo zaidi. Hata bakteria mzuri si dawa: kati ya chupa ya kwanza na kidonge kuna miaka mingi, fedha nyingi, na majaribio mengi yanayoshindwa.

Lakini hatua ya kwanza si kiwanda. Ni mkusanyo: chumba kimoja, chenye wataalamu wachache, kinachotafuta bakteria katika mabaki ya madini, kuwatenga mmoja mmoja, kuwasoma na kuwaandika. Bakteria wengi wanaweza kukaushwa kwa baridi na kufungwa katika vichupa vidogo, wakakaa miaka mingi bila kuhitaji friji kubwa inayonguruma usiku na mchana. Teknolojia hiyo ni ya zamani na inafaa mji wenye umeme wa kukatika.

Likasi ina mwanzo mzuri kuliko miji mingi. Ina wahandisi na mafundi wanaojua asidi, matangi, pampu na vipimo, kwa sababu Gécamines iliwafundisha wao au baba zao. Ina chuo kikuu chake, na ile ya Lubumbashi yenye kitivo cha uhandisi na watafiti wa afya iko umbali wa kilomita 120 hivi. Kinachokosekana ni daraja kati ya anayejua madini na anayejua viumbe. Mwanafunzi wa metalojia anafundishwa kuua uchafu kwa asidi. Mwanafunzi wa biolojia hapelekwi Shituru. Mtu anayeweza kukaa katikati yao ndiye atakayejua kama bakteria wa Panda ana kimeng'enya cha kutengeneza mkono mmoja wa molekuli, au cha kusafisha mto, au cha kutoa kobalti katika mabaki ambayo leo yanaonekana hayana maana.

Fedha za mwanzo si lazima zitoke Roma. Ile asilimia 10 ya ushuru wa madini imewekwa kwa jina la vizazi vijavyo, siku ambayo shaba itakuwa imekwisha. Ni vigumu kupata matumizi yanayolingana zaidi na jina hilo kuliko elimu juu ya kitu ambacho hakichimbwi kikaisha. Na ile 15 ya mji inaweza angalau kulipia masomo ya vijana wachache. Hilo linahitaji uamuzi wa viongozi, na linahitaji pia mashirika ya kiraia ya Likasi, ambayo yamezoea kuuliza kuhusu malori, yaanze kuuliza swali jipya: kila utafiti wa mazingira unaofanyika katika eneo la mgodi, sampuli za udongo zinapelekwa wapi, kwa karatasi gani, na nakala inabaki wapi?

Swali hilo halihitaji shahada ya kemia. Ofisi ya mazingira ya jimbo inaweza kulitunga kwa ukurasa mmoja wa kanuni: hakuna sampuli inayotoka bila namba, bila mkataba, na bila nakala ya bakteria kubaki katika maabara ya nchi. Wageni wengi waaminifu watakubali, kwa sababu majarida ya sayansi na wafadhili wengi wa Ulaya sasa wanadai karatasi hizo. Atakayekataa atakuwa amejitambulisha mwenyewe.

Kobalti ilisubiri hadi mwaka 2025 kupata mgao wa tani, baada ya karibu miaka mia moja ya kuchimbwa. Bakteria wa Likasi bado wako mwanzoni mwa njia hiyo. Bei yao haijulikani, na huenda wengi wao hawatakuwa na bei kabisa. Lakini gharama ya kuwaandika leo ni ndogo: vichupa, daftari, na kijana mmoja aliyesoma. Gharama ya kutowaandika itajulikana siku watakapokuwa wameandikwa na mtu mwingine.